Mtoto yuko njiani na mbwa yupo ndani, tufanyeje?

*"Dokta habari za kazi. Mimi ni mjamzito wa wiki 32, mimba ya kwanza, tunaishi Kimara. Tuna mbwa wetu dume anaitwa Bobi, ana miaka 5, amechanganya German Shepherd na mbwa wa kawaida, tumemlea tangu mdogo kabisa. Mchana anaingia na kutoka, usiku analala mlangoni kwa chumba chetu. Hajawahi kung'ata mtu ila hajazoea watoto, wakija wa jirani anakimbilia nyuma ya nyumba, na kuna siku alimngurumia mtoto wa shemeji yangu aliyemvuta mkia, mume wangu akamchapa. Sasa mama mkwe anasema tumtoe kabla sijajifungua kwa sababu mbwa anamwonea wivu mtoto mchanga na manyoya yake yataleta pumu. Mume wangu anasema basi tumfunge mnyororo nyuma ya nyumba. Rafiki yangu kaniambia nimnusishe tu nguo ya mtoto atazoea. Nampenda mbwa wangu ila mtoto ndo wa kwanza. Nifanye nini?"*

Dada yangu, hongera sana, na umefanya la maana kuuliza sasa hivi, maana wengi wananitafuta mtoto kashafika na mbwa kashaanza vituko. Una kama wiki 8 mbele, pengine pungufu mtoto akiwahi, na hizo zinatosha kufanya mengi. Nimekuelewa: hutaki kumtupa mnyama uliyemlea kwa mikono yako, na hapo hapo hutaki ije siku ujilaumu kwamba uliona dalili ukanyamaza. Yote mawili ni haki yako na hayapingani.

Naanza na ile siku ya mkia kwa sababu ndo imebeba swali lako zima. Mbwa haanzi kwa kung'ata, ana maneno yake mengi kabla hajafika huko, tatizo sisi hatuyasikii. Kwanza anageuza uso pembeni, analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi. Usipomwelewa anaondoka. Akifuatwa huko alikoenda au akishikiliwa anakaza mwili, anakutazama kwa pembeni mpaka unaona weupe wa jicho, halafu ndo ananguruma, na baada ya hapo ndo meno. Sasa angalia Bobi alivyofanya, watoto wakija anaenda zake nyuma ya nyumba, hiyo ni akili nzuri kabisa, amechagua kuondoka. Alipovutwa mkia hakuwa na pa kwenda, akanguruma, yaani alisema "niache" kwa sauti. Akachapwa. Alichojifunza siku ile sio kuwapenda watoto, alijifunza mawili: kwamba mtoto akisogea kipigo kinafuata, na kwamba kunguruma ni kosa. Mbwa wa namna hiyo ukimwendeleza hivyo unapata mbwa anayeogopa kama zamani ila safari hii hatoi onyo, anaruka moja kwa moja kwenye meno. Kwa hiyo mwambie mumeo, shemeji yangu, kwa heshima zote, fimbo iishie pale. Bobi akinguruma, mtoe mtoto pale au mtoe Bobi pale bila kelele, halafu mkae mjiulize nini kilimfikisha huko. Mngurumo ni taarifa, mnauhitaji sana mwaka huu unaokuja.

Hili la wivu najua mama mkwe anasema kwa mapenzi, na ameona mbwa wengi wakibadilika mtoto akizaliwa, kuona kwake ni kweli kabisa. Sababu ndo ninayoitazama tofauti. Hebu fikiria kinachotokea nyumba nyingi: mtoto analala, mama anapata nafasi, anamwita mbwa, anamkuna, anampa chakula. Mtoto akiamka tu, "Bobi toka! Bobi nje! Bobi we!" Mara 10 kwa siku, kila siku. Mbwa hajui kuhusu kupewa nafasi ya pili moyoni mwa mtu, anachojua ni kuunganisha mambo yanayofuatana, kitu hiki kikitokea kile kinakuja. Yule mwanasayansi Mrusi Pavlov aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 alilionyesha hili vizuri kwa mbwa: chochote kinachotangulia chakula kinaanza chenyewe kumtoa mbwa mate. Kinachotangulia maumivu au kufukuzwa nacho kinafanya kazi hivyo hivyo, kinamletea hofu na chuki bila yeye kukaa kufikiria. Mtoto akiwa macho maana yake nafukuzwa, mtoto akilala maana yake napendwa, sasa unadhani atafurahia mtoto kuamka?

Dawa yake ni kugeuza. Mtoto akiwa macho, akiwa analia, akiwa ananyonya, ndo Bobi apate mazuri yake, kwa umbali salama. Mtoto akilala, Bobi naye apumzike tu, maisha ya kawaida. Haihitaji hela, dagaa wakavu wachache kwenye kikopo cha mfuniko juu ya friji, au vipande vidogo vya firigisi ya kuchemsha isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, watu wengi hawajui). Mtoto akilia Bobi anarushiwa dagaa pale alipo, huko kwake. Ukifanya hivyo kwa uvumilivu utaona mtoto akilia mbwa anakuangalia wewe badala ya kwenda kuchungulia kitanda, na hapo ujue kazi imeingia.

Na hii unaweza kuanza leo hii usiku. Tafuta kwenye simu sauti ya kichanga akilia, iweke chini kabisa, chini kiasi kwamba wewe mwenyewe unaisikia kwa shida, mbwa anasikia vizuri kuliko sisi hasa sauti nyembamba za juu. Inalia, anapata dagaa, inanyamaza, dagaa zinaisha. Dakika 5 zinatosha, usimchoshe. Siku zinavyokwenda unapandisha sauti kidogo kidogo. Akianza kuhema, kuzungukazunguka, kukunja mkia au kugoma kula, umepandisha haraka, rudi chini. Pakata na mdoli au hata taulo lililokunjwa, tembea nalo ndani, kaa nalo kwenye kiti utakachonyonyeshea, majirani wakikushangaa waache wakushangae. Mbwa anatakiwa akuone mikono yako imejaa kabla haijajaa kweli.

Kubwa zaidi kuliko hilo ni mpangilio wa nyumba, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote: kila mabadiliko yatakayomuumiza Bobi yafanyike SASA, ili yasije yakafika siku moja na mtoto. Kama hatalala tena mlangoni kwenu, na mimi nakushauri asilale hapo maana saa 8 usiku unatoka na mtoto gizani usingizi umekulevya unamkanyaga, basi ahame wiki hii. Mfanyie kitanda chake sehemu ambayo mtu hapiti, kibarazani kwenye kona au stoo yenye hewa, umlishe hapohapo, umpe mfupa wake hapohapo. Chumba cha mtoto akome kuingia kuanzia sasa. Mwite fundi akupigie mlango wa wavu au grili fupi kati ya sebule na koridoo, hiyo ndo pesa nzuri kuliko zote utakazotumia kwenye jambo hili, kwa sababu inamfanya Bobi aone, anuse na asikie maisha ya nyumbani bila kumfikia mtoto, na wewe unapika bila roho juu juu. Na kama mume ndo atakuwa anamlisha na kumtembeza ukishajifungua, aanze yeye kuanzia kesho.

Sasa nguo ya mtoto. Haina ubaya, ila inapewa sifa isiyo yake. Kujua harufu ya mtu sio kumkubali, Bobi anaijua vizuri harufu ya yule mtoto wa shemeji yako na bado anamkimbia. Mkitaka kufanya, mume alete kutoka hospitali kinguo alichovaa mtoto, akishike yeye mkononi, Bobi anuse kwa umbali kidogo, apewe dagaa, nguo iondoke. Msimsugue nayo puani na msimwachie kitandani kwake akaanza kuitafuna, hatutaki vitu vya mtoto vigeuke vya kuchezea.

Pumu: kinachomsumbua mtu mwenye aleji ya mbwa sio unyoya wenyewe, ni protini zilizopo kwenye mate, mkojo na vile vipande vidogo vya ngozi inayopukutika, ndo maana hata mbwa wa manyoya mafupi anamsumbua mtu mwenye aleji. Na ushahidi haumuungi mkono sana mama, kuna utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa 2015 uliofuatilia mamia ya maelfu ya watoto na ukaona waliokaa na mbwa mwaka wao wa kwanza walikuwa na pumu kidogo pungufu walipofika umri wa shule. Sisemi mbwa ni dawa ya pumu, na mazingira ya Uswidi sio ya Kimara, nasema tu hiyo peke yake sio sababu ya kumtoa. Kama kwenu au kwa mumeo kuna historia ya pumu, Bobi asikae vyumbani, piga deki badala ya kufagia kavu, na mtoto akianza kukohoa au kupumua kwa mlio mpeleke kwa daktari wa watoto bila kusubiri.

Utaambiwa pia mimba na mbwa haviendani kwa sababu ya toksoplasma, kile kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Huyo anamsema paka, na nyama isiyoiva, na mboga zisizooshwa vizuri.

Magonjwa ya kuhofia zaidi kwa mbwa ni mawili na yote yana kinga. La kwanza kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Toa kadi ya Bobi uangalie tarehe, kama mwaka umepita tangu chanjo ya mwisho, au kadi haijulikani ilipo, mpeleke achanjwe kabla hujajifungua, usingoje kampeni za Septemba. La pili ni minyoo. Mayai ya minyoo ya mviringo yakitoka na kinyesi huwa hayajawa tayari kuambukiza, yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo, lakini yakishakomaa yanakaa humo miaka. Maana yake ni rahisi, mavi yakiokotwa kila siku, na aokote mume, mzunguko unakatika. Minyoo ya safura nayo inapenya ngozi kwenye mchanga, hilo litakuhusu sana mtoto akianza kutambaa uani. Mpe Bobi dawa ya minyoo sasa na kila baada ya miezi 3 kwa kipimo cha uzito wake, na acheni kumpa matumbo mabichi kutoka machinjioni. Kuhusu kupe, tafadhali msimwogeshe na ile dawa ya josho ya ng'ombe inayopimwa kwa kifuniko cha soda, inabaki kwenye manyoya na mikono ya mtoto inaishia mdomoni. Muulize daktari wa mifugo dawa ya mbwa.

Na likitokea la kutokea, jino au mkwaruzo hata mdogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Hata kama Bobi kachanjwa, mwacheni daktari ndo aamue.

Turudi kwa mume na mnyororo wake. Namwelewa, anataka suluhisho moja linaloeleweka. Lakini mbwa aliyezoea kuingia ndani miaka 5 ukimfunga ghafla siku mtoto anapofika, umempa ile ile hesabu mbaya niliyoisema juu, tena mbwa aliyefungwa anajua hana pa kukimbilia, na Bobi ni mbwa ambaye ulinzi wake ni kukimbia. Siku mnyororo ukikatika au mtoto wa miaka miwili akamfuata pale alipofungwa, hiyo ndo picha inayonitisha mimi kuliko Bobi kukaa kibarazani. Kama mnaona moyo hautulii akiwa ndani, jengeni banda la heshima lenye kivuli na uzio wa kumtosha kuzunguka, ahamie wiki hii hii, na aendelee kutembezwa asubuhi na jioni. Hilo ni chaguo zuri kabisa, na kwa nyumba ambazo mama mkwe au wageni hawataki mbwa ndani kwa sababu za dini linaondoa maneno mengi. Kumhasi nako watu wananiuliza, kuna faida zake ila hakutaondoa hofu ya watoto, msitegemee hilo.

Kumtoa je? Nakuambia ukweli, kuna mbwa wanaotakiwa kutoka. Mbwa aliyewahi kung'ata mtu akatoa damu, mbwa anayewinda na kuua kuku na paka wa jirani, au nyumba ambayo hakuna kabisa namna ya kumtenganisha, chumba kimoja na sebule. Akienda kwa mtu mzima mnayemfahamu, asiye na watoto wadogo, na mkamweleza ukweli wote, hakuna dhambi hapo. Kumtupa sokoni au porini ndo hapana, unamwachia njaa yeye na unawaachia hatari watoto wa wengine. Kwa maelezo yako Bobi hayupo kwenye kundi hilo. Ni mbwa mwoga, anayeonya, anayependa kuondoka. Anafanyika kazi.

Siku ya kutoka hospitali, mtu amtembeze Bobi sana kabla hamjafika. Mtoto abaki kwanza na mtu mwingine, kwenye gari au kwa jirani, wewe uingie mikono mitupu umsalimie, maana hajakuona siku kadhaa na unanukia hospitali na maziwa, hapo lazima aruke. Akitulia ndo mtoto anaingia, Bobi akiwa kwenye kamba mkononi mwa mumeo, upande wa pili wa chumba. Hakuna kupeleka mtoto "anuse", hakuna kushusha mtoto usoni kwake, hakuna picha. Anapata dagaa, anaangalia, anatolewa. Kunusa miguu kwa karibu kutakuja kwa wiki zijazo, au kusije kabisa, haina shida.

Halafu wageni. Wiki za kwanza mpaka arobaini nyumba inajaa, wakwe, mashangazi, kwaya au majirani wa mtaa, watoto wao nyuma, na hapo ndo mbwa wengi huwa wanaharibikiwa, sio kwa kichanga bali kwa mtoto wa mgeni aliyemfuata kwenye kona yake. Kelele za mchana kutwa zinajumlishana ndani ya mbwa, la asubuhi halijaisha la jioni linaingia. Wageni wakija Bobi awe bandani au stoo na mfupa wake, mlango umefungwa kabla hodi haijapigwa. Pampasi zilizotumika ziende kwenye ndoo ya mfuniko, mbwa wanazichambua na kuzila zinawaziba tumbo.

Kuna kitu hukukitaja na ndo kinanikosesha amani: dada wa kazi. Likizo yako ya siku 84 ikiisha, atakayebaki na mtoto na Bobi kutwa nzima ni yeye. Kama anaogopa mbwa atamtupia mwiko, kama anampenda sana atamwacha alale karibu na mkeka wa mtoto akaenda kuanua nguo. Aje mapema wakati wewe bado upo nyumbani, ajifunze mlango wa wavu, ajifunze dagaa, na sheria iwe moja kwa wote pamoja na bibi na mume: mtoto na mbwa hawaachwi pamoja hata kama ni kwenda kuzima jiko. Hata Bobi akiwa mpole miezi 6 mfululizo. Mlango ufungwe.

Na ujiandae, kichanga aliyelala ndo sehemu rahisi. Kazi kubwa inakuja kwenye miezi 6 mpaka 9 akianza kutambaa, anamfuata Bobi mwenyewe, anashika sikio, anavuta mkia ule ule, na uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Watoto wadogo wanang'atwa zaidi usoni na kichwani, na mara nyingi na mbwa wanayemfahamu. Bobi awe na sehemu ambayo mtoto hafiki kamwe, na mtoto azuiwe kumfuata akila, akilala au akiwa na mfupa.

Mtafute daktari wa mifugo aje nyumbani awaone kwa macho kabla ya kujifungua ukiweza, mimi nasoma maandishi tu, simwoni Bobi. Na umtafute siku hiyo hiyo ukiona Bobi anamkazia macho mtoto kimya bila kupepesa, mwili mgumu au unatetemeka, analia chinichini na hataki kuitika jina lake hata kwa chakula. Hiyo sio hofu wala udadisi, hapo mtoto anaonekana kama windo, mtenganishe kwa milango miwili na asimkaribie tena mpaka mtaalamu aseme. Vilevile akianza kunguruma mtoto akiwa mbali, akiacha kula, au akibadilika tabia ghafla, maana mbwa mwenye maumivu ya sikio au nyonga naye hukosa subira na hilo linatibika. Kama huko kwenu hupati mtu wa kukuelewa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro wanapokea. Kwa sasa wiki hii fanya matatu: kadi ya chanjo, kitanda kipya cha Bobi, na fundi wa mlango wa wavu.